Damu Haikutajwa

Mtu wa maabara, kijana mpole aliyeitwa Fred, alimtazama Mzee Silasi Nyamburi kwa muda, kisha akamwuliza tena umri wake.

"Sitini na nne," alisema Mzee Silasi.

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Umri alikuwa ameuandaa tangu alfajiri, lakini mwaka hakuuandaa. Alipokuwa bado anapiga hesabu kichwani, Fred alinyoosha mkono akaomba ile kadi iliyochungulia mfukoni mwa shati lake, kadi ya msamaha wa wazee ambayo alikuwa ameionyesha kwenye kila dirisha la hospitali ya mkoa tangu wafike Musoma. Akaisoma pande zote mbili.

"Mzee wangu, hapa una sabini na moja. Kwenye dirisha la malipo wewe ni mzee, unasamehewa. Kutoa damu mwisho ni miaka sitini na tano, nawe ukifika kwangu unageuka kijana. Haiwezekani."

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Mzee Silasi alisikia masikio yakimwaka.

"Kwani damu nayo inazeeka?"

"Damu haina shida, mzee. Shida ni wewe. Nikikutoa chupa moja utaanguka hapo mlangoni, halafu nyumba moja itakuwa na wagonjwa wawili."

"Basi mpeni mke wangu damu yenu. Hii hospitali si ya serikali?"

"Ni ya serikali."

"Serikali ipi? Maana nimesikia ziko mbili."

Fred aliweka kalamu chini. Nyuma ya Mzee Silasi foleni ilikuwa imesimama, na mama mmoja alianza kusonya. "Mzee, serikali ni moja, ila mifuko ndiyo mingi. Hospitali ya mkoa iko chini ya wizara. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri. Mimi mshahara wangu unatoka Hazina. Kadi yako imetoka halmashauri."

"Na damu?"

"Damu inatoka kwa ndugu. Benki yetu ya damu ilikuwepo, ikaja ile ajali ya basi, ikaisha. Mama anahitaji chupa tatu kabla daktari hajagusa kisu. Mkwe wako ameshatoa moja. Lete watu wawili, group yoyote, sisi tutabadilishana huko huko benki. Daktari wa upasuaji yupo Alhamisi. Akishaondoka, sijui atarudi lini."

"Kwa hiyo jengo la wizara, mshahara wa Hazina, kadi ya halmashauri, na damu ya Nyabusara."

"Umeelewa haraka, mzee. Wengine nawaelezaga mpaka jioni. Haya, anayefuata."

Mzee Silasi alichukua kadi yake. Angependa kumwambia kijana yule kwamba Nyabusara, kijiji chake, kilikuwa na watu wengi wenye damu, na kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusiwa kumsalimia. Akaona aibu, akaondoka.

Wodini, Hilda alikuwa amelala chali, uso umepauka mpaka midomo ikakosa rangi. Uvimbe ulikuwa kwenye kizazi. Alikuwa ametoka damu muda mrefu bila kusema, kama wanawake wengi wa umri wake, mpaka siku alipoanguka shambani kwenye pamba. Binti yao Mary, aliyekuwa ameolewa Murangi, alikaa pembeni akimnyonyesha mtoto wake. Mumewe Evance alikuwa ametoa damu asubuhi, akanywa soda, akarudi ziwani, kwa sababu mtumbwi haukuwa wake na mwenye mtumbwi hakuwa na mgonjwa.

"Wamekukataa," alisema Hilda.

"Nani kakuambia?"

"Unavyotembea."

"Na mimi nimejaribu tena, Baba," alisema Mary. "Wanasema anayenyonyesha hatoi. Nikawaambia mtoto ni mkubwa, yule dada akaniuliza, mkubwa anaota meno?"

Mzee Silasi alikaa ukingoni mwa kitanda. Vitanda vingine vilizungukwa na watu: wenye vikapu vya ugali, wenye chupa za chai, wanakwaya waliokuja kuimba kwa sauti ya chini mpaka muuguzi akawafukuza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama wa Nyegina, alikuwa na wageni wengi hata wakaja kuazima kiti cha Hilda. Mary aliwapa. Hakukuwa na mtu wa kukikalia.

"Nenda nyumbani ukaseme lile neno," alisema Hilda.

"Neno gani?"

"Silasi. Mimi ni mgonjwa, usinichoshe."

Mzee Silasi alivua kofia, akaiweka kitandani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile anayoitumia mtu ambaye amebishana na jambo hilo peke yake mara nyingi: "Nikisema nimekosa, maana yake swali langu lilikuwa kosa. Nilisema nini mimi kwenye ule mkutano wa zahanati? Nilisema ushuru wa pamba tunalipa halmashauri. Kodi ya sukari, ya sabuni, ya dizeli ya mashine, tunalipa Serikali Kuu. Zahanati ni ya nani kati ya hao wawili? Mwenye nayo aijenge. Mtendaji wa kijiji akasema ni ya wote. Nikasema, ng'ombe wa wote hufa na njaa. Hapo kosa liko wapi?"

"Mimi swali lako silijui. Mimi najua kusaga. Mashine ya Ryoba naisikia inanguruma nikiwa jikoni kwangu, lakini mahindi yangu napandisha bodaboda mpaka Nyamuswa. Kanisani nikikaa kwenye benchi, wenzangu wanakumbuka wana kitu cha kufanya benchi la mbele. Wewe una redio, taarifa ya habari inakutosha. Mimi redio hainijibu."

"Mama," alisema Mary, "usiongee sana."

"Niache niongee. Nilinyamaza mwaka mzima." Akageuza kichwa akamtazama mumewe. "Wewe ulitengwa kwa swali lako. Mimi nilitengwa kwa kuwa mke wako. Kabla hujasimama kuuliza, mimi uliniuliza?"

Mzee Silasi aliichukua kofia yake.

"Napitia kwanza Butiama, kwa kaka yako," alisema.

Onesmo, kaka yake Hilda, alikuwa mwalimu mstaafu. Mzee Silasi alimkuta nje ya nyumba yake Butiama akipanga matofali ya kuchoma. Onesmo akavua miwani, akampokea kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Mzee Silasi kushikwa mkono na mtu ambaye si wa nyumbani kwake, na kwa sababu hiyo alichelewa kidogo kuuachia.

"Ningekwenda leo hii, shemeji," alisema Onesmo baada ya kusikia. "Lakini nameza dawa za presha. Mwaka jana alipolazwa mke wa jirani nilikwenda, wakanipima, wakanirudisha kama mwanafunzi asiye na daftari."

"Wanangu wa kiume sina. Wa kwako?"

"Wako Dar es Salaam na Geita. Wakifika, Alhamisi imepita." Onesmo akatabasamu kidogo. "Swali lako lilifika mpaka huku, unajua? Watu walilicheka, halafu wakaacha kucheka."

"Lina jibu?"

"Lina jibu refu. Kwa maandishi, Serikali Kuu inaleta watumishi na dawa, halmashauri inaweka fungu kutoka kwenye mapato yake ya ndani, wananchi wanaweka nguvu zao. Mafiga matatu."

"Na moto anawasha nani?"

"Hapo ndipo kila mmoja anamtazama mwenzake." Onesmo akacheka, lakini Mzee Silasi hakucheka, naye akaacha. "Shemeji, mimi nimefundisha miaka mingi. Mwanafunzi mwenye jibu sahihi darasa zima likiwa limekosea, nilikuwaga namwonea huruma. Wakati wa mapumziko huyo hana wa kucheza naye."

Alimpa papai lililoiva ampelekee dada yake. Mzee Silasi alikumbuka kwamba hakuwa anarudi Musoma bali anakwenda Nyabusara, lakini alilipokea, akasafiri nalo mapajani.

Alipofika nyumbani, kuku wake walikuwa wametawanyika mpaka kwa jirani, na hakuna aliyewafukuza wala aliyewalisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Huku kwetu mkutano wa wazee wa jadi huitwa ritongo, na ritongo ikimtenga mtu haimpigi, haimtukani, wala haimnyang'anyi kitu. Inamwacha tu. Hapewi moto, hasagiwi, ng'ombe wake hawanywi kwenye lambo la wote, na siku akifa hachimbiwi kaburi na mtu asiye wa damu yake. Anayekiuka hutengwa naye. Wakati wa kupandisha kuta za boma la zahanati kila mji, yaani kila kaya, ulitoa mchango na siku za kazi, isipokuwa mji wa Silasi Nyamburi. Kuta zilipofika usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha, ambapo kwa makubaliano kazi ya wananchi iliisha na ya halmashauri kuanza, ritongo ikakaa, ikamtenga.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya Ryoba. Ryoba, mtu mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alimwona akazima injini. Akachungulia njia pande zote.

"Usiingie mlangoni," alisema. "Simama hapo nje ya kivuli. Mimi nipo ndani. Hivyo hatujakutana."

"Hatujakutana," alikubali Mzee Silasi.

"Mama Mary anaendeleaje?"

"Anataka damu ya watu wawili kabla ya Alhamisi."

Ryoba alijifuta uso, akazidi kujipaka unga. "Jirani, mimi ningetoa. Damu ninayo, unaniona. Lakini wakinitenga na mimi, nani ataleta mahindi hapa? Mashine hii ina mkopo."

"Sikulaumu."

"Ndivyo unavyonikera. Ungenilaumu kidogo ningejisikia vizuri." Akashika mpini wa injini, akauachia. "Nenda kwa Mzee Machage. Mwambie aite watu kesho asubuhi. Na uende ukiwa na mbuzi, usiende na maneno. Maneno yako tunayajua."

Machage, mkuu wa ritongo, alisikiliza akiwa amesimama, bila kumkaribisha kiti, kwa maana kiti nacho kilikatazwa. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa ameubeba mradi wa boma lile mgongoni mwake, akagombana na watoto wake mwenyewe kwa ajili ya mchanga na kokoto, na ile siku Silasi aliposimama kuuliza mbele ya Mtendaji aliona kama kazi yake imetemewa mate.

"Kesho," alisema. "Pale pale bomani."

Asubuhi watu walikusanyika ndani ya kuta za zahanati isiyo na paa. Walikaa katika chumba ambacho kwenye ramani kilikuwa cha mama na mtoto, kwa sababu ukuta wake wa mashariki ulikuwa na kivuli kizuri. Mbuzi wa watu walikuwa wamezoea kulala humo, na harufu yao ilikuwepo. Kwenye chumba cha dawa mtu alikuwa amepanda maboga. Mzee Silasi alisimama nje ya uwazi wa mlango na mbuzi wake kwa kamba, akangoja aitwe.

Machage alieleza habari. Kisha Mwandu, mzee wa ng'ombe wengi ambaye hakupenda shauri liishe upesi, akanyanyua fimbo.

"Nauliza sheria tu. Tulikataza moto, kusaga, lambo na kaburi. Damu haikutajwa."

"Haikutajwa kwa sababu nani alijua watu wanaazimana damu?" alisema mwingine, na watu wakacheka.

"Haiazimwi. Inatolewa," alisema Mwandu. "Na hapo ndipo neno langu lilipo. Ukimpa mtu moto, wako unabaki. Ukimpa damu, yako inapungua. Kwa hiyo damu ni kubwa kuliko moto. Moto ukikatazwa, damu imekatazwa zaidi."

"Kwa sheria hiyo," alisema Ryoba kutoka nyuma, "ukikataza kikombe cha maji umekataza na Ziwa Viktoria."

"Wewe wa mashine nyamaza, tunajua unataka wateja," alisema Mwandu.

"Sawa, nataka wateja. Maiti hasagi mahindi."

Vicheko viliisha ghafla. Neno "maiti" lilikuwa limesemwa, na kila mmoja alimwona akilini Hilda, aliyewahi kuwapokelea watoto wao wakati wa kuzaliwa, hata siku barabara ya Nyamuswa ilipokatika kwa mvua.

"Hilda hakusema kitu kwenye ule mkutano," alisema Machage taratibu. "Lakini ritongo haitengi mtu peke yake, inatenga mji wake. Tukianza kumtoa huyu na kumwacha yule, kesho hakuna atakayeogopa, na kesho kutwa hakuna atakayebeba jiwe. Serikali haijatuletea bati, lakini ikituletea na ikakuta hatuna kuta, tutaiambia nini? Kwa hiyo sheria ni ile ile. Mbuzi na neno. Mzee Silasi, ingia."

Aliingia. Mtu alipokea kamba ya mbuzi bila kumtazama usoni.

"Mbuzi tumemwona. Neno."

"Nimekuja kuwaomba ndugu zangu," alianza Mzee Silasi.

"Ombi halikutajwa."

"Nasikitika kwa yaliyotokea."

"Wote tunasikitika. Neno."

Alizitazama kuta. Mvua zilikuwa zimekula udongo katikati ya tofali na tofali, na juu, pale lenta ilipopita, nondo zilikuwa zimechomoza zikiwa na kutu. Alikuwa amewaambia itakuwa hivyo. Watu wote waliokaa mle walijua kwamba aliwaambia, naye alijua kwamba wanajua, na hilo ndilo lililofanya neno liwe zito. Mbele ya watu wasiojua, mtu anaweza kusema uongo akabaki mzima.

"Nimekosa," alisema.

"Wa nyuma wasikie."

"Nimekosa."

"Umekosa nini?" aliuliza Mwandu.

Hilo halikuwa kwenye desturi. Machage aligeuka kumkemea, lakini Mzee Silasi alikuwa ameshafungua kinywa.

"Nimekosa kuuliza."

Mbuzi alilia. Machage alikohoa, akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu kama mwanzo: "Sema umekosa kutotoa mchango. Hilo ndilo tulilokutengea."

"Nimekosa kutotoa mchango. Na nimekosa kuuliza."

Machage alimsogelea, akampa mkono. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mujibu wa mila, wakisema majina yao kana kwamba ni mgeni. Ryoba alikuwa wa mwisho. Alipomshika mkono, mkono wa Mzee Silasi ulibaki mweupe kwa unga, naye hakuupangusa.

Walikwenda Musoma watano, ingawa walihitajika wawili. Ryoba alitoa. Kijana wa Machage alitoa. Wa tatu, mtu wa miraba minne aliyejulikana kwa kuangusha mafahali kwa mikono, aliiona sindano akazimia, wenzake wakamcheka njia nzima ya kurudi. Fred aliwashukuru, akampigia Mzee Silasi saluti ya utani, akasema, "Kumbe Nyabusara ina watu!"

"Ina watu," alijibu Mzee Silasi.

Hilda alipasuliwa Alhamisi. Alipozinduka vizuri, siku ya pili yake, alikuta kitanda chake kimezungukwa. Walikuwepo wanawake wa kanisani na chupa za uji, wakiongea wote kwa pamoja, wakimsimulia ndoa, vifo na ugomvi uliompita, kana kwamba alikuwa amesafiri mbali. Alilia kidogo, wakamfuta. Papai la Onesmo lilikuwa limelainika sana, wakalila hivyo hivyo kwa kijiko. Mzee Silasi alisimama karibu na dirisha kwa sababu viti vyote vilikuwa vimekaliwa, na wao hawakujua la kuzungumza naye.

Walipoondoka, Hilda alimwita.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulisemaje?"

"Kama walivyotaka."

"Na ulikosa?"

Alifikiri. Angeweza kumdanganya, lakini alikuwa ameshasema uongo mmoja wiki ile, na haukuwa mdogo. "Hapana."

Hilda aliutafuta mkono wake juu ya blanketi, akaushika. "Basi wewe umetoa damu nyingi kuliko Ryoba," alisema. Alikuwa anamaanisha kumfariji. Mzee Silasi aliitikia kwa kichwa, akangoja faraja ije, haikuja. Baadaye kidogo Hilda akalala, mkono wake ukalegea.

Baada ya mavuno ya pamba alikuja Afisa kutoka halmashauri, na Mtendaji wa kijiji akamkaribisha bomani. Watu walijaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Hilda alikuwepo, amenenepa kidogo, katikati ya wenzake. Mzee Silasi alikaa mwisho wa benchi la wanaume. Siku hizi watu walimsalimia vizuri, tena kwa heshima kuliko zamani, na mahindi yake yalisagwa bila foleni. Ila hakuna aliyekuja kukaa naye jioni kubishana habari za redio. Ilikuwa kama wote wameona kitu chake kisichofaa kuonwa, na walikuwa wanamwonea haya.

Afisa alikuwa kijana mwenye maneno laini. Alisifu kuta. Alisema Serikali Kuu imeleta fedha za kumalizia maboma, lakini safari hii zimeelekezwa kwenye vituo vya afya, zahanati zitafuata. Halmashauri nayo, kwa mapato yake ya ndani, imejitahidi, itatoa bati. Kwa hiyo kilichobaki ni kidogo. Mbao, misumari na fundi vitatokana na nguvu za wananchi. Paa likikamilika, halmashauri itaandika kuomba mganga na dawa kutoka Serikali Kuu.

"Makubaliano yalikuwa lenta," alinong'ona mtu.

"Lenta, ndiyo. Tuliambiwa tukifika lenta tumemaliza."

Minong'ono ilikimbia kwenye mabenchi kama upepo kwenye mtama, lakini hakuna aliyenyanyua mkono. Afisa akauliza kama kuna swali. Mwandu alitazama fimbo yake. Machage alizitazama nondo zenye kutu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, vichwa vikaanza kugeukia mwisho wa benchi la wanaume.

Ryoba aliinama. "Mzee, uliza basi."

"Uliza wewe."

"Mimi sijui kuyapanga. Wewe ndiye ulikuwaga unauliza."

"Labda," alisema Machage kwa sauti, bila kumtazama mtu, "labda Mzee Silasi ana neno."

Afisa alishika kalamu, akamtafuta kwa macho. Upande wa wanawake Hilda alikuwa amekaza shingo, viganja vyake vimefumbwa mapajani. Mzee Silasi alinyanyuka taratibu, akavua kofia. Mama mmoja akamziba mtoto wake mdomo. Swali lilikuwepo. Alilisikia lote, limepangika, kila neno mahali pake, na alijua kwamba safari hii hakuna ambaye angemtenga.

"Nyumba yangu itatoa mbao mbili," alisema.

"Huo ndio mfano wa kuigwa!" alisema Afisa. "Mpigieni mzee makofi."

Wakapiga. Yalikuwa makofi machache, na yaliisha kabla hajakaa.